Neno la Kiingereza “Sign” na Maana Yake

Liko neno moja la Kiingereza ambalo hata mtu asiyejua lugha ile hukutana nalo tangu ujana mpaka uzee wake. Neno lenyewe ni “sign”. Hulikuta chini ya karatasi ya mkopo, katika stakabadhi ya mzigo, katika fomu ya hospitali na katika hati ya shamba; na kila alikutapo huonyeshwa mstari, akaambiwa, “Weka saini hapa.” Huweka, akaenda zake. Twaona yafaa kulieleza neno hili kwa urefu, kwa kuwa ni dogo kwa herufi zake lakini ni kubwa kwa matokeo yake. Sisi tukaao huku Kirongwe, kaskazini ya Kilindoni, twajua ya kuwa mali ya mtu wa Mafia ni minazi yake, ardhi yake na chombo chake cha baharini. Na vyote vitatu vyaweza kumtoka kwa alama moja ya wino.

Kwanza tutazame matamshi. Neno huandikwa kwa herufi nne, s, i, g, n, lakini Waingereza hawaitamki ile g. Husema “sain”, na hapo ndipo sisi Waswahili tulipopata neno “saini”, kwa kuongeza irabu mwishoni kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Walakini g ile haikufa kabisa. Katika neno “signature”, ambalo maana yake ni sahihi yenyewe ikiisha kuandikwa, g husikika waziwazi. Ndivyo ilivyo pia katika “resign”, kujiuzulu, na “resignation”, kujiuzulu kwenyewe: katika la kwanza g hunyamaza, katika la pili husema. Tendo lililopita ni “signed”, na liendelealo ni “signing”. “He signed” ni “alitia sahihi”; “I have not signed” ni “sijatia sahihi”. Sentensi hii ya pili yafaa kila mtu aijue kwa moyo, maana yaweza kumfaa siku asiyoitazamia.

Asili ya neno ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwao “signum” ilikuwa ni alama, na “signare” ilikuwa ni kutia alama au kupiga muhuri. Zamani katika nchi za Ulaya watu wengi, hata baadhi ya wakubwa, hawakujua kuandika. Mtu alikuwa na pete au muhuri wenye nakshi, akaukandamiza juu ya nta ya moto, na alama iliyobaki ndiyo iliyokuwa ushuhuda kwamba maneno yale ni yake. Baadaye kalamu ikashika mahali pa muhuri. Kwa hiyo kiini cha “sign” ni alama tu. Si uzuri wa mwandiko, wala si usawa wa herufi. Shakespeare, mshairi mkuu wa Waingereza, aliyekufa mwaka 1616, ameacha sahihi sita zijulikanazo, wala jina lake halikuandikwa kwa namna moja katika zote. Lakini zote zahesabiwa kuwa zake.

Kwa sababu ya asili hiyo, neno hili lina kazi nyingine pia zisizohusu karatasi. Likiwa jina, laweza kuwa kibao cha njiani, au dalili ya ugonjwa, au ishara ya mkono. Likiwa tendo, laweza kuwa kuashiria. Na viziwi wazungumzapo kwa mikono yao, Waingereza hulitumia neno lilo hilo. Basi msomaji na atazame kwanza maneno yaliyo jirani yake. Kama jirani zake ni karatasi, hati, fomu au mkataba, ajue ni kutia sahihi.

Sasa tutazame upande wa lugha yetu. Kabla ya kupata “saini” tulikuwa na “sahihi”, neno lililotoka katika Kiarabu, nalo maana yake ni kitu kisicho na kasoro, kilicho kweli. Mwalimu asahihishapo kazi ya mtoto huondoa makosa yaliyomo. Nazo barua za watu wa pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilikuwa na desturi ya kumalizia kwa jina la mwandishi pamoja na neno “biyadihi”, yaani kwa mkono wake mwenyewe. Hapa pana tofauti kubwa, nayo ndiyo tutakayo wasomaji waishike. Mwingereza asemapo “sign”, hutazama alama iliyowekwa. Mswahili asemapo “tia sahihi”, husema kwamba maneno yaliyo juu ya alama ile ni kweli, naye amekubali hivyo. Mtu atiaye alama chini ya maneno asiyoyajua ametenda neno la Kiingereza, lakini hajatenda neno la Kiswahili. Na taabu yote hutoka hapo, kwa kuwa mwenye karatasi, na mara nyingi hakimu pia, atamhesabu kuwa ametenda yote mawili.

Tena neno hili hupenda kutembea na maneno madogo, na kila dogo hugeuza maana yake. “Sign for” ni kutia sahihi kwamba umepokea kitu. Tuseme chombo kimeleta magunia ya unga, na stakabadhi yasema kumi, lakini yaliyoteremshwa ni tisa. Ukitia sahihi bila kuhesabu, sahihi yako yasema kumi, na la kumi utalidaiwa wewe. “Sign on” ni kuingia kazini kwa maandishi, kama baharia aingiapo katika meli. “Sign up” ni kujiandikisha. “Sign in” na “sign out” ni kuandika jina uingiapo na utokapo. “Sign off” ni kuthibitisha kwamba kazi imekwisha na imekubaliwa. “Sign over” ni kumhamishia mtu mwingine mali yako kwa sahihi. Na “sign away” ni kujivua haki yako kwa sahihi. Neno hili Waingereza hulisema kwa masikitiko, kama mtu asimuliaye hasara.

Wako pia ndugu zake wa damu. “Consign” ni kumkabidhi mtu mzigo aupeleke au auuze, kama mtu apelekavyo nazi zake Dar es Salaam kwa mkono wa dalali. “Countersign” ni sahihi ya pili iwekwayo na mwingine kuithibitisha ya kwanza. “Assign” yaweza kuwa kumpangia mtu kazi. Lakini katika karatasi za sheria maana yake ni kumhawilishia mwingine haki au deni. Ukiona “assign” katika mkataba wa mkopo, uliza nani atakayekudai kesho, maana aliyekukopesha leo aweza kumpa mwingine deni lako.

Mambo haya si ya darasani tu. Nchi zetu zimeyaonja. Tarehe 29 Novemba 1884 Mangungo, mtawala wa Msovero katika Usagara, alitia alama yake katika karatasi aliyoletewa na Dkt. Karl Peters. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani. Ilitaja urafiki, na katika maneno yayo hayo ilitaja kwamba nchi ya Mangungo pamoja na haki zake imetolewa kwa Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa karatasi hiyo na nyingine za namna yake. Hata leo Tanzania, mtu akitaka kuulaumu mkataba mbaya, hulitaja jina la Mangungo. Sisi hatupendi kumcheka marehemu yule, kwa maana wangapi leo, waliosoma miaka saba na zaidi, hutia sahihi karatasi za lugha wasiyoielewa, tena bila mgeni kusimama mlangoni na bunduki?

Hata mwenye akili nyingi na jeshi kubwa aweza kupatwa. Tarehe 2 Mei 1889, mahali paitwapo Wuchale, Menelik wa Ethiopia alifanya mkataba na Waitalia. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Katika kifungu cha 17, maneno ya Kiamhari yalisema Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Nayo maneno ya Kiitalia yalichukuliwa kuwa amekubali kufanya hivyo daima. Tofauti ilikuwa katika tendo moja tu, lakini kwa tendo lile Waitalia walidai Ethiopia ni nchi iliyo chini ya ulinzi wao. Menelik akaukana mkataba, vita vikaja, na tarehe 1 Machi 1896 Waitalia wakashindwa Adwa. Mwezi Oktoba mwaka ule ule wakaufuta mkataba wa Wuchale. Menelik alikuwa na majeshi ya kusahihisha sahihi yake. Mkulima wa minazi hana.

Liko jambo jingine: sahihi ya mtu mmoja yaweza kuwafunga wengi. Waingereza husema “sign on behalf of”, yaani kutia sahihi kwa niaba. Mwaka 1900 Mkataba wa Buganda ulitiwa sahihi na watawala wa niaba, Apolo Kagwa na wenziwe, kwa kuwa Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Na mgawanyo wa ardhi uliotokana na mkataba ule umeacha mashauri mpaka zama zetu. Kisiwa chetu cha Mafia nacho kilipata habari kama hizo. Kwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani, uliotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890, mambo yakatengenezwa hata pwani ya bara pamoja na Mafia ikatolewa kwa Ujerumani, na Sultani wa Unguja akapata fidia ya mark milioni 4. Hakuna mtu wa Mafia aliyetia sahihi katika mkataba ule. Basi tuwachaguapo wenyeviti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, tukumbuke ya kuwa twawapa kalamu yetu. Ni haki yetu kuwauliza katika mkutano wa kijiji wametia sahihi nini.

Pengine msomaji atasema, “Mimi sijui kuandika, hayo hayanihusu.” La, yamhusu zaidi. Mwaka 1858 huko Bengal, Bara Hindi, afisa mmoja wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mfanyabiashara aliyefanya naye mkataba wa vifaa vya barabara apige alama ya kiganja chake juu ya karatasi, ili baadaye asiweze kuukana. Baada ya miaka kadha desturi ya alama za vidole ikaenea duniani. Dole gumba lina nguvu sawasawa na jina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaagiza kwamba hati ya hakimiliki ya kimila itiwe sahihi na mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji, naye apewaye haki atie sahihi au alama yake chini ya kila ukurasa. Kisha afisa ardhi wa wilaya aitie sahihi, aipige muhuri na kuiandikisha. Kwa nini kila ukurasa? Kwa sababu ukurasa usio na alama waweza kuchomolewa na mwingine kuingizwa mahali pake.

Tena pana wakati ambapo sahihi moja haitoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo bibi aletewapo karatasi ya mkopo wa mumewe, akaambiwa, “Tia hapa, ni utaratibu tu,” na ajue ya kuwa huo si utaratibu tu. Hiyo ndiyo ridhaa yake, na paa lililo juu ya kichwa cha watoto wake lategemea ridhaa ile.

Je, mtu aliyetia sahihi bila kusoma hana njia? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kuifuata sana ile ya Bara Hindi ya mwaka 1872, yasema watu huhesabiwa wamekubaliana wakubalipo jambo lilo moja kwa maana iliyo moja. Mtu akilazimishwa au kudanganywa, aweza kuiomba mahakama iuvunje mkataba. Lakini kulithibitisha jambo hilo mbele ya hakimu ni kazi kubwa, na nauli ni yako. Mwaka 1934 huko Uingereza iliamuliwa kesi ya mwanamke mmoja mwenye mgahawa Llandudno, Wales. Alinunua mashine ya kuuzia sigara, akatia sahihi karatasi ya rangi ya kahawia yenye maandishi madogo sana, wala hakuyasoma. Mashine ikaharibika, naye akashitaki. Mahakama ikasema: hakudanganywa, ametia sahihi, basi maneno yale yamemfunga, ajapokuwa hakuyasoma. Naye alikuwa mwenye Kiingereza chake.

Jambo hili wazee wetu wa Kiislamu hawahitaji kufundishwa na makarani. Katika Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 282, deni la muda laagizwa liandikwe mbele ya mashahidi. Na asemaye maneno ya kuandikwa ni yule adaiwaye, au msimamizi wake kama yeye hawezi. Msomaji na aitazame hekima hiyo. Atakayelipa ndiye asemaye, kwa hiyo hapana neno lililomo asilolijua. Siku hizi desturi imegeuka: mwenye fedha ndiye aandikaye, tena mara nyingi kwa lugha yake, na mdaiwa huletewa mstari mtupu tu.

Wala mtu asidhani ya kuwa hatari hii ni ya wino peke yake. Tangu mwaka 2019 wenye simu Tanzania waliandikishwa upya kwa alama za vidole. Sheria ya mwaka 2015 ya miamala ya elektroniki imezikubali sahihi za elektroniki. Ukikopa katika simu, ile namba ya siri uibonyezayo ndiyo ukubali wako. Kumpa mwingine namba hiyo ni kama kumwachia karatasi tupu uliyokwisha kuitia sahihi.

Basi tufanyeje? Twatoa mashauri machache. Kwanza, taka usomewe karatasi yote kwa lugha uielewayo, na asomaye asiwe yule atakayefaidika nayo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Usione haya kutaka maneno yako kwa Kiswahili. Pili, baada ya kusomewa, yaeleze mwenyewe kwa maneno yako: natoa nini, napata nini, mpaka lini, na nikishindwa itakuwaje? Ikiwa karatasi yahusu minazi, uliza kama ni mazao tu, au miti, au na ardhi iliyo chini yake. Maana huku kwetu mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Tatu, usitie sahihi palipo tupu. Nafasi iliyobaki ipigwe mstari, na tarehe iandikwe. Nne, leta shahidi wako mwenyewe anayejua kusoma, naye atie sahihi kwa yale tu aliyoyaona kwa macho yake. Tano, ondoka na nakala. Karatasi isiyo na nakala mkononi mwako ni ya mwenzako peke yake.

Ukiambiwa huna wakati wa kusoma, jibu kwa upole kwamba huna wakati wa kutia sahihi pia. Aliye mwaminifu atangoja mpaka kesho. Na asiyeweza kungoja mpaka kesho amekwisha kukuonyesha sababu ya kusoma leo. Wanafunzi wetu walio nyumbani kwa likizo na wawasomee wazee wao karatasi zilizofichwa ndani ya masanduku, moja baada ya moja, kabla mdai hajaja kuwasomea yeye. Hapo watakuwa wamejua maana ya “sign”, na wazee watakuwa wametia sahihi kweli kweli.